Joto Nyuma ya Kioo

Mkiniona naweka kiganja nyuma ya monita kabla sijakaa, msicheke. Wajukuu zangu hapa Kizwite wananicheka sana. Wanasema bibi anaipima kompyuta homa. Wacha wacheke. Nilikuwa fundi kompyuta wa hospitali moja ya misheni mjini Sumbawanga mpaka nilipostaafu, na ni joto la nyuma ya kioo lililonijulisha siku moja kwamba nilikuwa nakaribia kuua mtu. Sikuwa nimeshika kisu wala sindano. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja kwenye dirisha jeusi la amri na kugonga Enter.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa. Mna haraka, na mnajua mengi kuliko mimi nilivyojua katika umri wenu. Mnatafuta amri mtandaoni, mnanakili, mnabandika, mnagonga, mambo yanakwenda. Na mimi nilifanya hivyo hivyo, tena nikiwa mtu mzima mwenye miwani. Hicho ndicho kinachonitisha hadi leo. Sikuwa mgeni wa kazi.

Nilianza kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, mkuu wa utawala aliuliza nani anaweza kuandika bila kutazama vidole. Nikanyoosha mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu yote. Aliyenifundisha mengine ni Bruda Gaspari, fundi umeme wa misheni, Mfipa mrefu mwenye sweta moja la kijani ambalo sikuwahi kumwona hajalivaa, mvua au jua. Hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa daftari gumu na kalamu.

"Kabla hujagonga Enter, andika," akaniambia. "Andika saa, andika mashine, andika amri. Na kabla ya hayo yote andika ilikuwaje kabla hujaigusa."

"Na nikisahau, Bruda?"

"Utakuwa umefanya kitu usichoweza kukirudisha, na hutajua hata ni kitu gani."

Nikaona mzee ananisumbua. Nikaandika tu kwa kumheshimu. Baadaye ikawa mazoea, na daftari likijaa nilifungua jingine. Nimestaafu na madaftari tisa.

Sasa niwaambie kwa nini fundi kompyuta alikuwa anahangaika na mwanga wa vioo. Umeme ukikatika, hospitali yetu iliingia kwenye betri zilizochajiwa na sola. Betri hizo zilibeba friji za chanjo, taa za wodi ya wazazi, mashine za hewa za watoto wachanga, na kompyuta kumi na nne. Kiangazi hapakuwa na shida, jua la uwanda huu linawaka safi hata kama upepo ni wa baridi. Masika ndipo palipokuwa na kazi. Mawingu yakilala juu ya mji siku tatu, sola haipati kitu, na kila kitu kinategemea kilichobaki kwenye betri. Bruda alikuwa na mita yake ndogo. Alipima monita moja ikiwa na mwanga wote, akaipima ikiwa na mwanga nusu, akanionyesha tofauti. Akanionyesha pia kwamba tofauti hiyo, ukiichukua kwa kompyuta zote, friji ya chanjo inapata muda wa kutosha kungoja umeme urudi.

Mwanzoni nilikuwa nazunguka ofisi hadi ofisi kubonyeza vitufe vya monita. Vitufe vingi vilikuwa vimekufa kwa vumbi. Na vile vilivyokuwa hai, mwenye ofisi alirudisha mwanga mara tu nilipompa mgongo. Ndipo Bruda akaniuliza, huku anafuta mikono kwa kitambaa, kama siwezi kuwaamuru wote nikiwa nimekaa kwangu. Kompyuta zetu zote zilitumia mfumo wa Linux na zilikuwa kwenye mtandao wa ndani, kwa hiyo ningeweza kuingia kwenye mashine ya mtu kutoka mezani kwangu. Ilinichukua wiki kadhaa kujifunza. Faida yake nawapa bure.

Kwa laptop, mwanga wa kioo ni namba iliyoandikwa kwenye faili, ndani ya folda ya backlight, yaani taa ya nyuma ya kioo. Kuna faili la max_brightness linalokuambia namba ya mwisho ni ipi, na kuna la brightness ambalo ndilo unaliandika. Soma la kwanza kabla hujaandika la pili. Laptop moja mwisho wake ni 15, nyingine ni mia tisa na ushee. Ukiandika 15 kwa zote mbili, moja itawaka kama jua na nyingine itazimika mbele ya mwenyewe.

Monita ya mezani unazungumza nayo kupitia waya wake. Ukiandika ddcutil getvcp 10 unaiuliza mwanga wake uko wapi. Ukiandika ddcutil setvcp 10 40 unaiamuru iende arobaini. Ile kumi si kiasi cha mwanga. Ni namba ya kitu unachokigusa. Mimi niliamini ni kiasi, nikaibadilisha kuwa kumi na mbili ili niongeze kidogo, na monita ya masijala ikafifia sura zote zikawa kama zimepakwa majivu, kwa sababu kumi na mbili inagusa tofauti ya weusi na weupe. Karani wa masijala akaniuliza kama kompyuta yake nayo imeanza kuzeeka.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kwenye laptop ya Matroni Perpetua. Umeme ulikuwa umekatika, nikaandika sifuri nikidhani sifuri ni mwanga mdogo kabisa. Kioo kikawa cheusi tii. Matroni akaja ameibeba mikononi kama mtoto aliyezimia.

"Binti, umeniulia kompyuta. Humu ndani mna zamu za mwezi mzima."

 Nilibonyeza kila kitu, hakuna. Bruda aliitwa, akaja na tochi. Hakugusa kibodi. Aliinamisha laptop kidogo, akamulika kioo kwa upande, na humo ndani ya weusi tukaona herufi, hafifu sana, lakini zimekaa palepale zilipokuwa.

"Picha ipo," akasema. "Taa ya nyuma ndiyo imelala. Ni vitu viwili, usivichanganye."

Nikaandika namba mpya kwa kumulikiwa na tochi, taa ikaamka, Matroni akafanya ishara ya msalaba. Tulicheka. Ningependa kuwaambia kwamba somo lile liliniingia.

Watu wakanipa jina. Betri zetu zilipokea mzigo bila taa za dari kupepesa, kwa hiyo waliojua kwanza kwamba umeme umekatika ni walioona vioo vyao vinafifia. "Mama Giza kapita," wakasema. Wengine walinisalimia hivyo hata sokoni.

Kioo kimoja tu hakikunitii. Kilikuwa kwenye chumba cha kusomea picha za eksirei, monita kubwa ya zamani yenye taa za mirija ndani, nzito kama gunia. Waya wake ulikuwa wa kizamani pia, haukupeleka amri zangu. Nikiiuliza ilikaa kimya. Bruda alipoiona kwenye orodha yangu alisema, "Hiyo iache. Mle daktari anatafuta vitu vyembamba." Nikaiacha. Ilikuwa na faida nyingine inayojulikana na kila mtu wa zamu ya asubuhi. Nyuma yake palikuwa na joto. Mnajua baridi yetu. Wauguzi wakitoka kunawa mikono kwa maji ya bomba, walipita kule kuota joto kabla ya kurudi wodini. Daktari alilalamika kwamba chumba chake kimekuwa jiko.

Kisha Bruda akahamishiwa misheni nyingine, mimi nikabaki na orodha, daftari, na ujuzi ambao nilidhani umekamilika.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa kwanza. Ukungu ulikuwa haujainuka siku tatu. Umeme ulikatika alfajiri, na nilipofika kazini nikaenda moja kwa moja chumba cha betri. Namba niliyoikuta kwenye inveta, mashine inayotoa umeme wa betri, sikuwahi kuiona ikiwa chini vile. Chanjo zilikuwa zimeletwa juzi yake, friji zimejaa. Jenereta lilikuwa na mafuta kidogo, yakitunzwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji na kuwasha mashine ya eksirei kwa dakika chache chache. Niliogopa. Nataka mlielewe hilo, kwamba nilifanya kosa nikiwa naogopa kitu cha kweli, na hofu ile ikanifanya nione kila kioo kinachowaka kuwa adui.

Nikapunguza kumi na tatu. Nikatazama cha kumi na nne, kile kisichotii, kinachokula umeme kuliko vyote. Nikachukua simu, nikatafuta, nikapata mtu huko duniani aliyeandika kwamba kama monita haisikii amri za kawaida, tumia hii. Amri ilikuwa xrandr, na mwisho wake palikuwa na neno brightness, yaani mwanga. Neno hilo lilinitosha. Nikaandika xrandr --output VGA-1 --brightness 0.5, nikagonga.

Simu ya mezani ikalia hapohapo. Alikuwa Daktari Ngailo, kijana wa Njombe, msomaji wetu wa picha.

"Mama Giza! Leo umenifikia na mimi?"

"Nisamehe, daktari. Betri ziko chini sana. Nirudishe?"

"Acha, acha kabisa. Macho yalikuwa yananiwasha tangu asubuhi. Hivi ndivyo nilivyokuwa natamani."

Nikaandika kwenye daftari: saa tatu na dakika ishirini, chumba cha eksirei, ilikuwa 1.0, sasa 0.5. Nikapiga mstari chini yake kwa kujipongeza. Hata Bruda hakuweza hiki, nikawaza.

Kwenye saa nne nilipita barazani nikielekea masijala. Kwenye benchi la eksirei alikuwa amekaa mwanamume mrefu, Msukuma, amejifunika blanketi la mistari, na pembeni yake mke wake ameshika bahasha. Waliniamkia wote wawili. Niliuliza, kama mtu anavyouliza. Mke akaniambia walileta ng'ombe mnadani kutoka upande wa Kirando, na jana yake wakati wa kushusha, dume mmoja alimbana mumewe kwenye mbao za lori. Jina la mume lilikuwa Shija. Mke alikuwa Kabula. Niliona Shija amekaa upande, bega la kushoto limeinama, na anaongea kwa maneno mafupi mafupi. Nikawapa pole nikaenda zangu. Saa tano nikamwona anatoka, mke kamshika mkono, na Kabula akaniambia kwa furaha, "Mbavu zimechubuka tu, mama. Picha imesema mzima. Tunawahi basi."

Nikawatakia safari njema. Kwa mdomo huu.

Saa saba nilirudi chumba cha betri. Namba ilikuwa imeshuka zaidi ya nilivyotegemea. Nilipiga hesabu mara mbili, nikaona kama kile kioo kikubwa hakikupungua chochote. Nikaenda kukitazama. Daktari alikuwa amekwenda kula. Chumbani alikuwepo Odilia, mpiga picha wa eksirei, amesimama nyuma ya monita, mikono yote miwili ameinyoosha.

"Karibu, mama," akasema. "Njoo uote moto. Leo baridi inauma."

Nilisimama mlangoni.

"Odilia, kuna joto hapo?"

"Kama kila siku. Jiko la daktari hili."

Nikaenda nikaweka kiganja. Palikuwa pa moto kama kila siku. Nikazunguka mbele. Kioo kilikuwa kimefifia, nusu ya kawaida. Nikarudi nyuma. Moto. Na hapo ndipo nilipoikumbuka tochi ya Bruda.

Taa ilikuwa inawaka yote. Sikuwa nimeigusa. Amri ile haikupunguza taa, ilipunguza picha. Ilichukua kila kivuli kwenye picha ikakikata nusu kabla hakijafika kwenye kioo. Kwa barua ya ofisi hilo si kitu, herufi nyeusi ni nyeusi. Lakini picha ya kifua ni vivuli vitupu. Mapafu yamo kwenye weusi, na ndani ya weusi kuna weusi wa aina nyingi, na daktari anasoma tofauti kati yao. Ukivibana nusu, vile vilivyokuwa vinapishana kidogo vinakuwa kitu kimoja. Macho hayaoni kwamba kuna kilichokosekana. Yanaona picha nzuri isiyoumiza.

"Mama, una nini?" Odilia akauliza.

"Tangu saa tatu na dakika ishirini, mmesoma picha ngapi hapa?"

Akafungua rejista. "Nne. Mkono mmoja, mguu mmoja, vifua viwili."

Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Kabla sijamfuata daktari, vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kibodi. Ningerudisha 1.0, ningechana ukurasa, na duniani kote pasingekuwa na mtu wa kujua. Odilia hakuelewa nilichouliza. Daktari mwenyewe alikipenda kile kioo. Nilikaa hivyo kwa muda ambao mtu anaweza kusali Salamu Maria mbili. Kilichonizuia ni kitu kidogo, mwandiko wangu mwenyewe kwenye daftari, na ule mstari wa kujipongeza niliouchora chini yake. Nikamwona Shija na bega lake limeinama.

Nikarudisha 1.0, nikaiandika, saa saba na dakika kumi na mbili. Nikakimbia bwaloni.

Daktari Ngailo alikuwa na tonge mkononi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, bila kuzunguka. Aliweka tonge chini taratibu.

"Unasema taa haikupungua."

"Haikupungua, daktari. Nilibana vivuli."

"Na mimi nikakuambia acha."

Aliinuka, tukaongozana hadi chumba cha eksirei. Alifungua picha ya kwanza, akaitazama, akasema sawa. Ya pili, sawa. Kifua cha kwanza, cha bibi mmoja mwenye kikohozi, akakaa nacho muda mrefu, akasema sawa. Kisha akafungua cha Shija.

Mimi si daktari. Lakini nililiona. Juu kushoto, chini ya mfupa wa bega, mstari mwembamba kama uzi wa buibui, na nje ya uzi huo weusi mtupu. Pafu lilikuwa limeachia ukuta wa kifua, hewa imeingia pale isipotakiwa. Daktari akaniambia niibane picha mara moja kwa amri yangu ileile, ahakikishe. Uzi ukatoweka. Nikairudisha. Uzi ukatokea.

"Inaweza kubaki hivi," akasema. "Inaweza pia kuongezeka ikabana moyo. Kwa barabara ile, na mtu amekaa kwenye basi muda wa saa tano... Wameshaondoka?"

"Na basi la Kirando, la saa sita."

Odilia alipiga namba ya Kabula iliyokuwa kwenye rejista. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Gari la hospitali lilikuwa vijijini. Daktari akaanza kutafuta namba ya hospitali ya Namanyere, ambako basi lazima lipite, na mimi nikatoka nje nikapanda bodaboda bila hata kuchukua sweta.

Stendi nilimkuta dada wa tiketi anasuka ukili dirishani.

"Basi la Kirando," nikamwambia.

"Mama, umechelewa, hilo saa hizi liko Chala huko. Njoo kesho asubuhi."

"Sisafiri mimi. Ndani mna mgonjwa anaweza kufa. Mpigie kondakta wako."

Alinitazama, akauacha ukili. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikapokelewa, kelele za injini zikajaa.

"Mudi, una abiria anaitwa Shija? Mgonjwa."

"Wagonjwa gani tena? Humu wote wanaumwa usingizi."

Niliichukua simu mkononi mwake. "Baba, mimi natoka hospitali. Msukuma mrefu, blanketi la mistari, yuko na mke. Nakuomba uende umtazame sasa hivi."

Nikamsikia anapita katikati ya viti, anauliza, watu wanamtania. Kisha utani ukakatika.

"Yupo, mama. Siti ya nyuma. Huyu mtu anatoka jasho. Anahema kama aliyekimbia."

"Mpe mke wake simu."

Kulikuwa na vishindo, halafu sauti ya Kabula, ya tahadhari. "Haloo?"

"Kabula, mimi ni yule mama wa barazani. Mkifika Namanyere mshuke. Msiendelee. Mwende hospitali, wameambiwa, wanawangoja."

"Kwa nini? Daktari kasema mzima. Picha imesema mzima. Anahema hivi kwa ajili ya vidonge."

"Picha haikusema hivyo. Picha ilikuwa imefifia. Mimi ndiye niliyeifanya ififie."

"Wewe ni nani?"

"Fundi kompyuta."

 Nikasikia mtoto wa mtu analia mle ndani ya basi.

"Fundi kompyuta ndiye anayepima watu siku hizi?"

"Hapana, mama. Ndiyo maana nakupigia. Nilikosea. Mshushe mumeo, nakuomba. Akifika Kirando..."

Mtandao ukakata. Dada wa tiketi akapiga tena, mara nne, mara tano. Haipatikani. Alisema pale katikati kuna mabonde, simu hazishiki.

Nilikaa kwenye kibenchi mbele ya dirisha lake. Sijui kama mmewahi kungoja kujua kama mtu msiyemfahamu ameamua kuwaamini. Nilijiweka mahali pa Kabula. Asubuhi daktari mwenye koti jeupe anakuambia mzima. Mchana mwanamke wa kompyuta anakupigia kwa simu ya kondakta anasema shuka, lala mji usio na ndugu, kwa sababu alibonyeza kitu. Mimi ningeshuka? Nilijiuliza hivyo, sina sweta, upepo unanipiga. Dada wa tiketi akanifunika khanga yake bila kuniuliza.

Saa tisa kasoro simu yangu ikaita. Daktari Ngailo.

"Wameshuka," akasema. Nikamsikia anavuta pumzi. "Alifika midomo imeanza kubadilika rangi. Wanamwingiza mpira wa kutolea hewa kifuani sasa hivi."

Hakukata simu na mimi sikukata. Tulikaa tu hivyo, kila mmoja upande wake, mpaka alipoitwa tena kwa simu nyingine na kuambiwa kwamba hewa imetoka na mgonjwa anahema.

Niliandika taarifa siku hiyohiyo, nikaambatisha nakala ya ukurasa wa daftari. Daktari aliandika ya kwake, akasema alisoma picha kwenye kioo kilichofifia na akafurahia. Wote wawili tulipewa barua za onyo, na zilitustahili. Nilimpigia Bruda kule alikohamia nikamsimulia. Akauliza, "Uliandika saa?" Nikamwambia ndiyo. "Basi mliweza kujua ni picha zipi." 

Tangu hapo chumba kile kilitoka kwenye orodha yangu kabisa, na kompyuta yake ikafungwa isinipokee kwa mtandao. Kila asubuhi Daktari Ngailo alifungua kwanza picha yenye ngazi za kijivu, kutoka nyeusi mpaka nyeupe. Kama ngazi mbili za mwisho kule gizani zinaonekana kama moja, hasomi picha ya mtu yeyote. Fanyeni hivyo popote ambapo mtu anasoma picha za wagonjwa. Na mkikutana na amri yenye jina la kitu mnachokitaka, msiridhike na jina. Ulizeni inagusa nini, taa au picha. Kisha wekeni kiganja.

Wiki kadhaa baadaye Shija na Kabula walirudi kwa uchunguzi. Shija alikuwa amekonda lakini amesimama wima. Kabula aliuliza niko wapi, akaletwa mezani kwangu. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu siku ile, hakuningoja niyaseme.

"Nataka kuiona," akasema.

Tukaenda chumba cha eksirei. Daktari akafungua picha ya kwanza, ile ya siku ile, ikiwa na vivuli vyake vyote. Kabula aliinama akaufuata ule uzi kwa kidole mpaka mwisho, bila kugusa kioo. Kisha daktari akafungua picha mpya, na pafu lilikuwa limerudi ukutani.

Daktari alikuwa bado hajaisoma yote pale mwanga wa kioo cha masijala, dirishani ng'ambo ya ua, ulipofifia. Nikajua umeme umekatika. Kompyuta yangu kule mezani ilikuwa imeanza kuvipunguza vioo yenyewe, kimoja baada ya kingine, kama nilivyoifundisha baada ya siku ile. Tukasikia mtu barazani, "Mama Giza kapita."

Kabula alinitazama mimi, akatazama kioo chenye picha ya mumewe. Hakikubadilika. Nikampa ishara aweke mkono nyuma yake. Akaweka, akauacha hapo.

"Na wewe kaa," akaniambia, akanisogezea kiti kwa mguu. "Kaa hapa nikuone, mpaka daktari amalize."

Nikakaa, nikaifumbata mikono mapajani, na sikuisogeza mpaka daktari alipomaliza.